Injini Ikitoa Onyo Ndege Ikiwa Ndiyo Kwanza Imepaa: Mwongozo kwa Abiria

Ndege imeachana na njia ya kurukia, magurudumu yanakunjwa, na kabla hamjafika mawinguni mshindo unasikika upande wa bawa moja. Ndege inayumba kidogo, mngurumo uliouzoea unafifia, pengine na harufu ya kuungua inaingia. Kutoka chumba cha marubani hakuna neno. Abiria wengi hukichukulia kimya hicho kuwa balaa: ama marubani hawajui kinachoendelea, ama wanajua na wanaficha. Mwongozo huu unashikilia kinyume chake. Injini moja kutoa onyo mara baada ya kupaa ni hitilafu ambayo ndege kubwa ya abiria imeundwa iivumilie, na marubani huifanyia mazoezi kila wanaporudishwa kwenye mashine ya mafunzo. Ukisoma ripoti za uchunguzi wa ajali kubwa za aina hii, utakuta injini mbovu peke yake mara nyingi haikutosha kuiangusha ndege. Iliongezewa haraka: ya rubani aliyezima injini kabla ya kuthibitisha, au ya abiria aliyefungua mlango, aliyeng'ang'ania begi, aliyejaza hewa jaketi la kujiokolea kabla ya wakati wake. Huna mamlaka juu ya injini. Unayo juu ya haraka yako, na juu ya kile ulichokiona dirishani, ambacho pengine hakuna mwingine aliyekiona.

Kwa nini ndege haianguki

Kabla ya kila safari marubani hukokotoa kasi ya uamuzi. Ndege ikiwa bado chini ya kasi hiyo, hitilafu kubwa ikijitokeza wanafunga breki na kubaki ardhini. Wakishaivuka, wanapaa hata kama injini moja imekufa, kwa sababu njia iliyobaki mbele haitoshi tena kusimama salama. Ndiyo maana rubani mkuu huondoa mkono wake kwenye viongozi vya injini kasi hiyo inapofikiwa: asije akashawishika kusimamisha ndege iliyokwisha kupita mahali pa kusimamia. Uamuzi huu si wa ujasiri wa mtu mmoja. Kanuni za kuidhinisha ndege za mashirika zinadai kwamba ndege ya injini mbili, ikiwa na uzito wake wote na injini moja imezimika mahali pabaya kuliko pote, bado iweze kupanda, na uzito inaoruhusiwa kubeba siku hiyo hupimwa kwa joto la hewa, urefu wa njia na mwinuko wa uwanja. Nairobi, iliyo zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, hesabu hiyo hubana zaidi kuliko Dar es Salaam au Mombasa, kwa kuwa hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu. Ukiambiwa mizigo mingine imebaki uwanjani kwa sababu ya uzito, hesabu hiyo yaweza kuwa ndiyo sababu. Usimgombeze mtu wa kaunta.

Mshindo nao una maelezo yake. Mara nyingi ni hewa iliyopoteza mtiririko ndani ya injini, ikarudi nyuma kwa kishindo na kutema mwali wa moto kupitia nyuma ya injini. Mshindo huo waweza kusababishwa na ndege wa mwituni walioingia, na viwanja vilivyo kando ya Ziwa Victoria, kama Entebbe, Kisumu na Mwanza, havikosi ndege wa majini. Mwali huo hutisha, hasa usiku, lakini mwali unaotoka nyuma ya injini kwa mapigo ni jambo moja, na moto unaoliramba ganda la injini kwa nje ni jambo jingine. Tofauti hiyo ishike, utaihitaji mbele.

Kwa nini marubani hawaharakishi, na kwa nini hawasemi

Mpangilio wa kazi yao unajulikana dunia nzima: kwanza rusha ndege, kisha ielekeze, ndipo uwasiliane. Dereva wa basi aliyepasukiwa gurudumu katika mwendo mkali hushika usukani kwanza; hasimami kuwaeleza abiria ni gurudumu la upande gani. Kwa kawaida marubani hawaanzi kugusa swichi za injini yenye hitilafu mpaka ndege iwe imetulia na kupanda angalau futi 400 hivi kutoka ardhini, na baadhi ya ndege zimetengenezwa kwa makusudi zinyamazishe maonyo madogo wakati wa kupaa, ili taa ya jambo linaloweza kusubiri isiwaondoe macho kwenye jambo lisiloweza. Baada ya hapo mmoja anarusha, mwingine anasoma. Anayetaka kuvuta kiongozi cha injini hukigusa na kutaja namba yake, mwenzake huangalia na kuthibitisha, ndipo kinavutwa. Hilo huchukua sekunde chache tu.

Sekunde hizo zina uzito gani? Mnamo tarehe 4 Februari 2015 ndege ya TransAsia aina ya ATR 72, ndege ya pangaboi ya ukoo ule ule wa ndege za Precision Air, iliondoka Taipei. Ilipofika takriban futi 1,200 onyo lililia: mfumo ulikuwa umeigeuza propela ya injini ya kulia isisukume tena, kwa kosa la umeme. Injini ya kushoto ilikuwa nzima na ingetosha kuirudisha ndege uwanjani. Ndani ya sekunde chache rubani mkuu akasema anavuta kiongozi cha injini ya kushoto. Mwenzake akamtaka wahakikishe kwanza, lakini kiongozi kikavutwa na hatimaye injini iliyokuwa nzima ikazimwa. Takriban dakika mbili baada ya onyo ndege ilikuwa mtoni. Watu 43 kati ya 58 walikufa. Kama wangekaa wakiitazama paneli kwa muda wa kutosha kusoma namba moja, mimi sioni sababu ya ndege ile kuanguka.

Pingamizi la kwanza ni la haki: moto hausubiri. Kweli, na taa nyekundu ya moto haiwekwi foleni na taa za manjano. Marubani wakivuta kishikizo cha moto cha injini husika, kinakata mafuta, umeme na vimiminika vinavyokwenda kwenye injini hiyo, kisha wanaweza kufyatua kizimamoto cha injini hiyo, na kwa ndege nyingi kuna chupa ya pili kama ya kwanza haikutosha. Taa isipozimika, wanatua mara moja kwenye njia yoyote inayofaa, uzito uwe wowote. Mnamo Februari 2021 Boeing 777 ya United iliyovunjika ubapa wa pangaboi la injini muda mfupi baada ya kuondoka Denver ilikuwa imerudi ardhini ndani ya dakika 24 tangu ipae, na hakuna aliyeumia. Kwa hiyo utaratibu haumaanishi kuchelewa. Unamaanisha kwamba hata jambo la haraka linathibitishwa na watu wawili.

Pingamizi la pili ni la abiria anayeona ndege inazunguka saa nzima juu ya bahari na kujiuliza kwa nini haitui. Jibu ni uzito. Boeing 787-8, aina inayorushwa na Kenya Airways na Air Tanzania, huweza kuondoka ikiwa na takriban tani 228, lakini kikomo chake cha kawaida cha kutua ni tani 172 hivi. Ikirudi mapema mno itatua nzito, kwa kasi kubwa, huku breki zikichemka. Ndege kubwa nyingi zinaweza kumwaga mafuta angani. Boeing 737 na Airbus A320 haziwezi, hivyo huyachoma kwa kuzunguka, au hutua nzito na kukaguliwa baadaye. Injini moja ikiwa imezimwa vizuri na nyingine inafanya kazi, kuzunguka ni chaguo la usalama. Ukiliona hilo, soma kwamba marubani wana muda wa kuchagua. Wasiokuwa na muda hawazunguki.

Ulichokiona dirishani ni ushahidi

Hapa ndipo naona miongozo mingi ya abiria inakosea. Inamwambia msafiri akae kimya, atii, aachie wataalamu. Tarehe 8 Januari 1989 Boeing 737 ya British Midland ilitoka London kwenda Belfast. Dakika kama 13 baada ya kupaa, ubapa mmoja wa pangaboi la injini ya kushoto ulikatika. Ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Marubani, katika aina mpya ya ndege yenye vipimo vidogo vigumu kusomeka, wakaipunguza injini ya kulia. Kwa bahati mbaya mtikisiko na moshi vikapungua wakati huohuo, wakaamini wamepatia, wakaizima. Rubani mkuu akawatangazia abiria kwamba hitilafu ilikuwa injini ya kulia. Abiria wa nyuma walikuwa wameona cheche na moto upande wa kushoto, hata wahudumu watatu waliziona dalili za moto. Hakuna aliyepeleka habari mbele. Injini ya kushoto ilikufa karibu na uwanja, ndege ikaanguka ukingoni mwa barabara kuu jirani na kijiji cha Kegworth, na watu 47 kati ya 126 wakapoteza maisha.

Utasema: mimi ni nani nimfundishe rubani kazi? Humfundishi. Kwa ndege nyingi marubani hawawezi kuona injini zao kutoka walipokaa. Wana namba na taa tu. Unampa macho. Na wahudumu, ambao chini ya futi 10,000 huzuiwa kuwasumbua marubani kwa mambo madogo, wanaruhusiwa na wanatakiwa kupiga simu mbele kwa jambo la usalama. Tangu Kegworth mafunzo yao yanalisisitiza hilo. Kosa utakaloweza kufanya ni kutoa hukumu mahali pa ushahidi. "Tunaungua!" haimsaidii mtu, na inaamsha safu kumi. Bonyeza kitufe cha mhudumu, au inua mkono na uite kwa sauti ya kusikika bila kufungua mkanda, na useme mambo manne: upande gani (kushoto au kulia kwa mtu anayetazama mbele ya ndege), nini hasa, tangu lini, na kama bado kinaendelea. Kwa mfano: "Dada, injini ya kushoto. Moto unatoka nyuma yake kwa mapigo, si juu ya ganda. Umeanza baada ya mshindo. Bado upo." Tangazo la rubani likitaja upande tofauti na ulichokiona, sema hivyo waziwazi: "Kapteni ametaja kulia; mimi nimeona kushoto." Ukiwa umekosea, gharama ni aibu ya dakika moja.

Kabla ndege haijaondoka

Sehemu kubwa ya usalama wako inaamuliwa ukiwa bado unaona jengo la uwanja. Vaa viatu vilivyofunga mguu na usivivue mpaka ndege iwe juu na alama ya mkanda imezimwa. Pasipoti, simu na dawa unazozitegemea ziwe mwilini, mfukoni au kwenye kipochi chembamba, kwa sababu mtu ambaye pasipoti yake iko kwenye kabati la juu atalifungua kabati hilo hata moto ukimfukuza. Hesabu kwa vidole migongo ya viti kati yako na mlango wa mbele, kisha na wa nyuma. Kwenye moshi hutaona alama, utapapasa. Ukiondoka Zanzibar, Mombasa au Entebbe, ambako muda mfupi baada ya kupaa huwa mko juu ya maji, pitisha mkono chini ya kiti uhakikishe jaketi la kujiokolea lipo. Na watazame wahudumu wanapoonyesha, hata kama unasafiri kila wiki. Ndege ya US Airways ilipotua Mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, wengi wa abiria hawakuwa wameyatazama maelekezo, na wachache sana walivaa majaketi yao ipasavyo. Wote 155 walipona, lakini boti zilikuwa karibu. Usipange safari yako kwa kutegemea boti.

Onyo likitokea: fanya hivi

1. Kaza mkanda chini ya tumbo, juu ya nyonga. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo.
2. Baki umekaa. Wahudumu nao wamebaki kwenye viti vyao.
3. Tazama injini iliyo upande wako na ukumbuke ulichokiona. Kama kina maana, kipeleke kwa mhudumu kama ilivyoelezwa juu.
4. Vua miwani na vitu vyenye ncha ukitangaziwa dharura, si kabla.
5. Ongea na mtoto au mzee aliye kando yako kwa maneno mafupi: tunarudi uwanjani, tutakaa, tutashuka pamoja. Tafsiri tangazo kwa asiyelielewa.
6. Ukisikia amri ya kujikinga, tanguliza miguu sakafuni, irudi nyuma kidogo ya magoti, inama, kichwa kiegemee kiti cha mbele kama kinafikika. Kaa hivyo mpaka ndege isimame kabisa. Inaweza kugonga zaidi ya mara moja.
7. Subiri amri ya kutoka. Ikitolewa, acha kila kitu na uende.

*Usifanye haya:*
— Usifungue mlango kwa akili yako kwa kuwa umeona moshi. Nje yaweza kuwa na moto, au injini inayozunguka.
— Usijaze jaketi hewa ukiwa ndani.
— Usichukue begi. Usirekodi video njiani.
— Usichukulie magari ya zimamoto yaliyojipanga kando ya njia kuwa ishara mbaya. Hujipanga kila dharura inapotangazwa, hata ndogo.

Juu ya jaketi niongeze neno, kwa kuwa ndilo kosa linaloeleweka kirahisi na kuua kirahisi. Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Miongoni mwao wamo waliojaza majaketi yao wangali ndani: maji yalipoingia jaketi liliwanyanyua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Livae ukiambiwa. Vuta kamba yake ukiwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Injini ikiwa moja, au zikizimika zote

Wakosoaji wa hoja hii watasema inafaa ndege yenye injini ya akiba tu. Nakubali kwamba muda unakuwa mfupi. Sikubali kwamba haraka inakuwa dawa. Cessna Caravan zinazobeba watu kati ya Zanzibar, Dar es Salaam, Arusha na viwanja vya mbuga zina injini moja. Ikizimika futi mia chache juu ya ardhi, silika ya kila mtu, rubani akiwemo, ni kugeuza kurudi uwanjani. Kona kali katika mwendo mdogo ndiyo inayoondoa unyanyuo kwenye mabawa na kuiangusha ndege kama jiwe. Kwa hiyo marubani hufundishwa kushusha pua, kulinda mwendo, na kutua mbele yao, shambani, ufukweni au majini, wakipinda kidogo tu kukwepa vizuizi. Ukiwa abiria wa ndege hiyo, usipige kelele za "rudi uwanjani!" nyuma ya kichwa chake. Kaza mkanda, jikinge, na ujue ni mlango upi uko karibu nawe na unafunguliwaje. Kwenye ndege ndogo huenda hakuna mhudumu wa kukufungulia.

Na zote mbili zikizimika? Hutokea mara chache mno, lakini hutokea. Septemba 1988 Boeing 737 ya Ethiopian ilivamia kundi la njiwa ikipaa Bahir Dar, injini zote zikaathirika, ikalazimika kutua kwa tumbo na kuwaka. 35 kati ya 104 walikufa. Ni waliojiandaa kutoka haraka baada ya ndege kusimama ndio wenye nafasi katika moto wa namna hiyo, na hapo, pekee, haraka ni haki yako: ndege kubwa za abiria huidhinishwa kwa kuonyesha kwamba wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Hesabu hiyo haikuweka abiria hata mmoja anayetoka na begi lake.

Mkishatua

Ndege ikisimama, hatari nyingine huanza kwa wasio na subira. Oktoba 2016, ndege ya American Airlines ilivunjika injini ya kulia ikiwa bado inakimbia kwenye njia ya kurukia Chicago, ikasimama ikiwaka. Abiria wakaanza kutoka wakati injini ya kushoto ikiendelea kunguruma, wengine na mabegi mikononi. Mmoja aliangushwa na upepo wa injini na kuumia vibaya. Moto ulipokuwepo, kutoka ilikuwa lazima, lakini baada ya marubani kuzima injini na kwa milango ambayo wahudumu wameithibitisha. Ukifika chini, ondoka mbali na ndege, upande unaotoka upepo, na usirudi.

Kama hakuna moto, tarajia kuambiwa ubaki kitini, hata kwa muda mrefu, na utii. Tarehe 4 Novemba 2010 injini ya pili ya Airbus A380 ya Qantas ilipasuka dakika chache baada ya kuondoka Singapore, vipande vikatoboa bawa na kukata nyaya nyingi. Marubani walitumia takriban dakika 50 kupitia orodha za maonyo, wakatua karibu saa mbili baada ya kupaa. Chini, mafuta yalikuwa yanavuja, breki zilikuwa zimechemka mno, na injini moja ilikataa kuzimika. Wakapima: mtelezo wa dharura ungemwaga mamia ya watu juu ya mafuta hayo kando ya injini hai. Wakawaacha abiria ndani huku zimamoto wakimwaga povu, kisha wakawashusha kwa ngazi upande mmoja. Walikuwa 469 ndani ya ndege, na hakuna aliyeumia.